Kadi isiyong'aa: kujuana na watu maonyeshoni unapoanza uchoraji

Mchoraji anayeanza huingia maonyeshoni na kadi mia, hadi saa kumi jioni amezigawa zote, kisha wiki inapita simu iko kimya. Si kwamba watu wamemdharau. Hakumwachia hata mmoja wao sababu ya kumjibu. Sababu hiyo hutafutwa pale pale bandani, huandikwa mara moja, na hutumiwa ndani ya siku mbili.

Anza na siku ya kwenda. Sabasaba, maonyesho ya biashara ya Dar es Salaam, huanza 28 Juni hadi 13 Julai, na tarehe 7 yenyewe ni sikukuu: familia nzima nzima zinamiminika Barabara ya Kilwa, na mwenye banda hana nafasi ya kufungua potifolio ya mtu, yaani mkusanyo wa kazi zake. Nenda siku ya kazi, saa nne asubuhi. Na jua kwamba aliyesimama mbele ya banda mara nyingi ni mtu wa mauzo. Usimwachie kadi tu, muulize, "Kwenu nani husimamia michoro ya vitabu?" Ukiondoka na jina na kitengo, umepata zaidi ya aliyejaza kadi kwenye bakuli. Kwenye ufunguzi wa maonyesho madogo ya sanaa, kama yale ya Nafasi Art Space kule Mikocheni au Alliance Française pale Upanga, wahi nusu saa ya mwanzo. Hotuba zikiisha, kila mtu yuko kwa mgeni rasmi.

Kadi iwe milimita 85 kwa 55, karatasi ya gramu 300, isiyong'aa, na nyuma ibaki nyeupe. Kadi yenye leminesheni, yaani utando wa plastiki juu yake, inapendeza, lakini wino wa kalamu haushiki juu yake, na nyuma ya kadi ndipo mtu anapoandika "yule wa wanyama". Acha rangi ivuke ukingo wa kadi kwa milimita 3 kila upande, maana mashine ya kukatia husogea kidogo na kuacha mstari mweupe pembeni. Rangi zigeuzwe CMYK, yaani rangi nne za wino wa uchapaji, kabla ya kupeleka faili. Bluu kali ya kwenye skrini hutoka imefifia au ina uzambarau. Chapa 50 kwanza, uzione.

Potifolio ndiyo inayoharibiwa zaidi, na huharibiwa kwa wingi. Kazi 10 hadi 12 zinatosha. Kama unataka vitabu vya watoto, picha moja nzuri ya mtoto haimsaidii mhariri. Anataka kuona mtoto yule yule katika kurasa tatu: akikimbia, akilia, akiwa mbali nyuma ya mwembe, na bado tumtambue kwa sura na nguo. Anatazama pia kama umeacha nafasi ya maneno. Wengi hujaza ukurasa mzima, halafu maandishi yanakosa pa kukaa. Hifadhi picha kwenye simu yenyewe. Umati ukijaa ukumbini, intaneti hukwama.

Salamu isirukwe. Aliyekuzidi umri wazi, shikamoo kwanza. Wa rika lako, "habari za kazi, kaka" au "dada". Akiwa na mteja, subiri pembeni. Uliza kitu cha kazi yake: wanachapa rangi nne au mbili, wanapendelea faili gani. Dakika tatu, kisha aga. Ukishapiga hatua kumi, andika nyuma ya kadi yake tarehe, mlichozungumza na ulichoahidi.

Ujumbe wa kesho yake uwe hivi: "Shikamoo mama. Mimi ni mchoraji tuliyezungumza jana bandani kwenu kuhusu kitabu cha darasa la pili. Uliomba kuona wanyama kwa rangi mbili. Nimeambatisha ukurasa mmoja." Basi. Picha itume kama dokumenti, kwa sababu WhatsApp hubana picha ya kawaida na mistari myembamba hupotea. Kimya kikizidi siku kumi, kumbusha mara moja tu.

Ukiulizwa bei papo hapo, usitaje. Uliza kwanza idadi ya michoro, ukubwa, itatumika wapi, lini inatakiwa, na marekebisho mangapi. Bei ya ukurasa wa kitabu si bei ya bango la barabarani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 hulinda mchoro uliokwisha kuchorwa, lakini wazo tupu hailindi. Kwa hiyo onyesha kurasa zilizokamilika, usisimulie tu mradi mzima ulio kichwani.

Nasisitiza pia hili, maana wengi hulipita: wachoraji wenzako mliopanga nao foleni. Wakubwa wana watu wao tayari. Mwenzako akipewa kurasa 32 na muda wa wiki tatu, anahitaji mtu wa kupaka rangi za chini au kuchora mandhari, na atampigia anayemjua mkono wake. Badilishaneni namba, na katika kuisevu andika anachokifanya vizuri: "herufi", "majengo", "uso wa wazee".