Damu ya pwani na mlima Kilimanjaro

Kijana wa Unguja akitaja tu Kilimanjaro, barazani hakosekani wa kumwambia: "Mwanangu, sisi damu yetu ya pwani, mlima hautufai. Waachie Wachaga." Maneno ya huruma, lakini si ya kweli.

Kinachoogopwa ni mapafu kujaa maji, aghalabu juu ya mita 2,500, siku ya pili hadi ya nne. Oksijeni ikipungua, mishipa ya mapafu hujibana. Kwa baadhi ya watu hujibana kupita kiasi, tena sehemu moja zaidi ya nyengine. Shinikizo hupanda na maji huvujia kwenye vifuko vya hewa. Mtu huhema hata akiwa amekaa, hukohoa, na hali ikizidi hutoa povu la waridi.

Urithi upo, sikatai. Tafiti za Japani na India zimeuhusisha ugonjwa huu na jeni ya kutengeneza naitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa. Ila hiyo ni tofauti ya mtu na mtu. Huko Peru, wazaliwa wa milimani walioshuka kukaa chini kwa muda waliupata waliporudi kwao! Dalili kubwa ya hatari ni kuwa umewahi kuugua.

Halafu kuna haraka. Juu ya mita 3,000 hushauriwa usipandishe pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku. Njia ya Marangu hukutoa kambi ya Horombo, mita 3,720, hadi kambi ya Kibo, 4,700 na ushei, kwa siku moja. Kwa hiyo lipia siku ya ziada Horombo, na kifua kikibana ukiwa umepumzika, shuka siku hiyo hiyo, hata usiku.