Je, wajua ni kwa nini bendi ya Black Flag ilipitia waimbaji 4 ndani ya miaka 5 na jina lake likabaki?

Kwa msikilizaji wa Kampala, bendi kubadilisha wanamuziki si habari ya kushangaza. Afrigo Band, iliyoundwa mwaka 1975 na wanamuziki waliotoka katika bendi ya Cranes, imewapokea na kuwaaga waimbaji wengi, akiwemo Rachel Magoola ambaye baadaye aliingia bungeni. Hata hivyo, mtu akisikia saksafoni ya Moses Matovu hujua mara moja kuwa yuko nyumbani kwa Afrigo, hata kama mwimbaji wa jioni hiyo ni mgeni kwake. Kisa cha Black Flag, bendi ya Marekani iliyoanza mwaka 1976 katika mji mdogo wa pwani wa Hermosa Beach, kusini mwa Los Angeles, hakikwenda hivyo. Huko kila alipoondoka mtu, muziki wenyewe uligeuka, kiasi kwamba rekodi ya mwaka 1979 na ile ya mwaka 1984 zinaweza kudhaniwa kuwa ni za bendi mbili zisizofahamiana. Jambo la kuuliza, basi, ni kitu gani hasa kiliifanya iendelee kuwa bendi moja.

Muziki wenyewe huitwa hadikoo, na ni tawi la panki. Panki ilikwisha kuwa muziki wa kasi na wa maneno makavu; hadikoo iliongeza kasi hiyo, ikafupisha nyimbo hadi nyingine zikawa hazifikii hata dakika moja, na ikaufanya uimbaji kuwa karibu na ukelele. Kampala si ngeni kabisa kwa sauti za ukoo huo, kwani ni lebo ya jijini humo, Nyege Nyege Tapes, iliyotoa mwaka 2020 albamu ya Duma, kikundi cha watu wawili kutoka Nairobi ambao ukali wao ungewatisha hata baadhi ya mashabiki wa panki.

Mwanzilishi wa Black Flag ni mpiga gita Greg Ginn. Kabla ya muziki alikuwa mfanyabiashara: tangu utotoni aliuza vifaa vya redio vilivyosalia kutoka Vita vya Pili vya Dunia, baada ya kuvifanyia marekebisho, na biashara hiyo aliiita Solid State Tuners. Bendi yake, ambayo mwanzoni iliitwa Panic, ilipokosa lebo ya kutoa nyimbo zake kwa wakati, Ginn alizichukua herufi za biashara yake ya redio akazifanya jina la lebo, SST Records. Rekodi ya kwanza ya lebo hiyo ndiyo rekodi ya kwanza ya Black Flag, Nervous Breakdown, yenye nyimbo 4 ambazo zote kwa pamoja huchukua muda wa takriban dakika 5. Ilirekodiwa mwaka 1978 na kutoka mwaka 1979.

Jibu la swali letu limo kwa kiasi kikubwa katika hatua hiyo. Ginn ndiye aliyetunga sehemu kubwa ya nyimbo, ndiye aliyekuwa na lebo, na ndiye aliyepanga saa za mazoezi. Mwimbaji aliyeondoka aliondoka na sauti yake tu.

Jina na nembo navyo vilitoka katika familia hiyo hiyo. Ilipobainika kuwa kuna bendi nyingine iliyokuwa ikitumia jina la Panic, ndugu yake Ginn, mchoraji Raymond Pettibon, ambaye hapo mwanzo kabisa alishika besi kwa muda mfupi, alipendekeza jina la Black Flag, yaani bendera nyeusi, kwa hoja kwamba ikiwa bendera nyeupe ni ishara ya kusalimu amri, nyeusi ni ishara ya kutotawaliwa na yeyote. Kisha akachora nembo: mistari minne minene myeusi iliyosimama wima, kila mmoja umeshuka au kupanda kidogo kuliko mwenzake, ili jicho lione bendera inayopepea. Mtu asiyejua kuchora chochote anaweza kuichora nembo hiyo ukutani kwa rangi ya kupuliza kwa muda wa sekunde chache, na ndivyo ilivyofanyika katika kuta nyingi za Los Angeles. Kwa maoni yangu nembo hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko mwimbaji yeyote katika kuifanya bendi ionekane kuwa kitu kisichokatika, kwa sababu haikuwa na sura ya mtu ndani yake.

Mwimbaji wa kwanza, Keith Morris, alikuwa na sauti ya puani yenye kejeli, na ndiye anayesikika katika Nervous Breakdown. Mwaka 1979 aliondoka, akaunda bendi yake, Circle Jerks. Nafasi yake ilichukuliwa na Ron Reyes, mzaliwa wa Puerto Rico, katika kipindi ambacho bendi na marafiki zake walikuwa wakiishi na kufanya mazoezi ndani ya jengo la kanisa lililokuwa limefungwa, naye Reyes akilala katika kijichumba kisichozidi kabati. Mwaka 1980, katikati ya onyesho, Reyes alichoshwa na vurugu za ukumbini, akashuka jukwaani na kwenda zake. Wenzake hawakuacha kupiga. Walishika wimbo mmoja wa zamani wakaurudia kwa muda mrefu, huku watu wa ukumbini wakipanda mmoja mmoja kuuimba. Hasira yao ilionekana baadaye kwenye jalada la rekodi aliyoimba, Jealous Again, ambako badala ya jina lake waliandika jina la kubuni lenye matusi.

Wa tatu, Dez Cadena, hakuwa mwimbaji hata kidogo. Alikuwa rafiki wa bendi aliyekubali kuziba pengo. Aliimba kwa kupaza sauti tu, usiku baada ya usiku, mpaka koo likaanza kumsaliti, na alipoulizwa anataka nini alisema anataka gita. Ombi hilo lilileta mabadiliko makubwa kuliko alivyokusudia, kwani lilimaanisha kwamba bendi inahitaji mwimbaji mwingine na kwamba kuanzia hapo itakuwa na magita mawili.

Mwimbaji huyo alipatikana New York mwaka 1981. Henry Rollins, kijana wa miaka 20 kutoka Washington, alikuwa meneja wa duka la aiskrimu na mwimbaji wa kikundi kidogo kiitwacho State of Alert. Alisafiri kwenda kuiona Black Flag kama shabiki, akapewa nafasi ya kuimba wimbo mmoja jukwaani, na haukupita muda mrefu akaitwa tena kufanyiwa majaribio. Aliacha duka. Albamu ya kwanza kamili ya bendi, Damaged, ilitoka mwaka huo huo ikiwa na sauti yake ya kifua, nzito na yenye hasira, na wasikilizaji wengi wa vizazi vilivyofuata wakadhani kuwa yeye ndiye mwanzo wa bendi. Ukweli ni kwamba baadhi ya nyimbo za albamu hiyo zilikwisha kuimbwa na waliomtangulia.

Hapo matatizo ya waimbaji yakaisha, na matatizo ya mahakama yakaanza. Damaged ilikuwa itolewe kwa ushirikiano na kampuni ya Unicorn, ambayo bidhaa zake zilisambazwa na kampuni kubwa ya MCA. Mkuu wa usambazaji wa MCA aliisikiliza, akasema kuwa yeye akiwa mzazi anaiona kuwa ni rekodi inayopinga wazazi, na akakataa kuisambaza. Bendi ilichapisha maneno yake kwenye vibandiko na kuvibandika juu ya nembo ya MCA kwenye majalada, utani ambao uliwagharimu pesa kidogo sana ukilinganisha na yaliyofuata. Mgogoro na Unicorn ulifika mahakamani, na bendi ikazuiwa kutoa rekodi nyingine kwa jina la Black Flag.

Ginn na mpiga besi Chuck Dukowski walitafuta mlango wa nyuma. Mwaka 1982 walitoa albamu ya sahani mbili, Everything Went Black, iliyokusanya rekodi za zamani za Morris, Reyes na Cadena. Kwenye jalada hapakuwa na jina la bendi mahali popote. Palikuwa na majina ya wanamuziki tu. Mahakama haikudanganyika, ikawahukumu wawili hao kwa kosa la kudharau amri yake, nao wakakaa jela siku kadhaa. Zuio hilo liliondoka tu baada ya Unicorn kufilisika mwishoni mwa mwaka 1983. Ni jambo la kuchekesha kidogo, ingawa wao hawakucheka, kwamba bendi iliyojulikana kwa kupoteza watu huku ikibaki na jina ilijikuta kwa miaka hiyo ina watu lakini haina jina.

Wakati huo huo kiti cha mpiga dramu kilikuwa hakikaliki. Robo, raia wa Kolombia aliyepiga katika Damaged, alikwama Uingereza mwishoni mwa ziara ya Desemba 1981 kwa sababu ya viza, tatizo ambalo mwanamuziki yeyote wa Afrika Mashariki aliyewahi kualikwa Ulaya hana haja ya kufafanuliwa. Bill Stevenson wa bendi ya Descendents aliitwa kumalizia ziara. Baada yake walipita wengine wawili, wa mwisho akiwa Chuck Biscuits kutoka Kanada, kabla ya Stevenson kurudi kwa kukaa. Robo kwa upande wake alijiunga na bendi ya Misfits.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa kuondoka kwa Dukowski mwaka 1983. Huyu alikuwa msemaji wa bendi na nguzo yake ya pili, lakini Ginn hakuridhika tena na upigaji wake, kwa kuwa alikuwa anataka muziki wa taratibu zaidi na mzito zaidi, unaoburuta, wakati Dukowski alikuwa mtu wa kasi. Aliachia besi lakini hakuondoka katika kazi. Aliendelea kuipangia bendi maonyesho. Matokeo yake ni albamu ya My War ya mwaka 1984, ambayo wimbo uliobeba jina lake ulitungwa na Dukowski asiyepiga hata noti moja ndani yake. Besi inayosikika humo ilipigwa na mtu anayeitwa Dale Nixon. Hakuwepo Dale Nixon. Alikuwa ni Ginn mwenyewe, aliyejipachika jina la uongo ili jalada lionekane kuwa na kikosi kamili.

Upande wa pili wa sahani hiyo una nyimbo tatu tu, kila moja ikizidi dakika 6, na mashabiki waliokuja kutafuta mbio walihisi kuwa wametapeliwa. Vikundi vingi vya metali nzito na ya polepole vilivyokuja baadaye vimeuhesabu upande huo kuwa chimbuko lao. Mimi naona hapo ndipo gharama na faida za kubadilisha watu zinapoonekana waziwazi: kwa kikosi cha 1979 upande ule usingewezekana, na kwa Dukowski pengine usingeruhusiwa.

Nafasi ya besi ilijazwa na Kira Roessler, mwanamke pekee katika vikosi vya miaka hiyo, aliyekuwa wakati huo huo mwanafunzi wa chuo kikuu cha UCLA. Mazoezi ya Ginn yalikuwa ya saa nyingi kila siku, na mkono wa Kira uliumia kwa kazi hiyo, lakini upigaji wake katika albamu za Slip It In na Loose Nut ni wa kiwango ambacho bendi haikuwa imekifikia kabla. Mwaka 1985 yeye na Stevenson wote waliondoka, vijana wengine wakaingizwa kwa ziara za mwisho, na mwaka 1986 Ginn akaivunja bendi.

Hadithi ingeishia hapo kama si mwaka 2013. Ginn aliifufua Black Flag akiwa na Ron Reyes, yule yule aliyeshuka jukwaani mwaka 1980. Mwaka huo huo Morris, Dukowski, Stevenson na Cadena, pamoja na mpiga gita Stephen Egerton, walianza kuzipiga nyimbo zile zile kwa jina la FLAG. Wapenzi wa dansi la Afrika Mashariki wanaukumbuka mtindo huu: mwaka 1978 wanamuziki waliotoka Simba Wanyika jijini Nairobi waliunda Les Wanyika, wakiondoka na nusu ya jina. Tofauti ni kwamba Ginn alikwenda mahakamani, naye jaji akakataa kuwazuia wenzake. Kabla mwaka haujaisha, Reyes aliondolewa katika bendi akiwa jukwaani nchini Australia, na kipaza sauti kikachukuliwa na Mike Vallely, mtelezaji mashuhuri wa ubao wa magurudumu aliyekuwa meneja wa ziara.

Mwaka 2025 pande zote mbili zilikuwa zikipiga. Mashabiki waliokwenda kuisikiliza FLAG mjini Las Vegas mwezi Mei walimsikia Morris akiziimba nyimbo za Nervous Breakdown alizoziimba yeye mwenyewe zilipotoka. Waliokata tiketi ya Black Flag walimkuta Ginn na gita lake, akizungukwa na kikosi kipya cha vijana ambao bendi ilipovunjika mwaka 1986 walikuwa bado hawajazaliwa.