Kuruka kwa vyombo si kushinda mvua

Msimu wa masika, ndege ndogo ikichelewa kutua Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, gatini huwa hapakosi wa kusema: "Rubani huyo hajasomea vyombo. Angesomea, mvua isingemzuia." Sivyo, na dhana hii ni ya hatari.

Idhini ya kuruka kwa vyombo, yaani kwa vipimo vilivyo mbele ya rubani, humfunza kuongoza ndege bila kuona nje. Ndani ya wingu sikio la ndani humdanganya mtu: ndege inapinda, yeye anahisi imenyooka. Hilo halina ujasiri wala uzoefu, ni maumbile. Kwa hiyo anazoezwa kuamini vipimo hivyo kuliko mwili wake, na ni kazi ngumu kweli. Kanuni za kimataifa zinadai saa 40 za mazoezi ya vyombo, pamoja na saa 50 za safari za masafa akiwa yeye ndiye kiongozi wa ndege.

Lakini wingu la radi ni jambo jingine. Mikondo yake yaweza kuvunja ndege, na hakuna cheti kinachoizuia. Hata kwenye mvua ya kawaida, kila njia ya kutua kwa vyombo ina kimo cha mwisho: akikifikia bila kuona uwanja, lazima apande tena.

Na ujuzi huu huchakaa upesi. Marekani hudai mikaribio 6 ya vyombo, yaani kuukaribia uwanja kwa vipimo ili kutua, kila miezi 6. Kwa hiyo rubani akirudi Malindi kungoja anga ifunguke, mshukuruni.