Kipimo cha DNA cha nyumbani ni nini, na kwa nini kinafumua siri za ukoo

Ni kipimo unachojipima mwenyewe: unaagiza kichupa mtandaoni, unatemea mate, unakirudisha kwa posta kwa kampuni kama AncestryDNA au 23andMe, na majibu unayasomea kwenye simu. Sehemu moja ya majibu ni makadirio ya asili yako, asilimia hizi za huku na zile za kule. Hiyo ni ya kupigia soga. Yenye moto ni orodha ya watu wengine waliojipima ambao vinasaba vyao vinashabihiana na vyako.

Mzazi na mtoto hushabihiana kwa nusu. Ndugu waliochangia mzazi mmoja hukaribia robo. Lakini robo hiyohiyo ni ya mjomba na mpwa, ni ya bibi na mjukuu pia. Mtoto wa Masasi anayeishi Marekani akikutana na robo ya mtu asiyemjua, kisha akapiga simu nyumbani kuuliza "baba alizaa nje?", huenda amemzushia mzee wa watu. Inabidi kwanza atazame umri wa huyo mtu, na ndugu gani wengine wanatokea kwenye orodha za wote wawili.

Na siri haimsubiri mwenyewe apime. Binamu mmoja akitema mate London, ukoo mzima wa Newala umeanikwa, pamoja na bibi aliyenyamaza miaka yote kwa sababu zake. Kuna atakayesema kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao ukoo ulihesabiwa kwa mama, kwa hiyo habari ya baba haina uzito. Thubutu! Ngoja mikorosho ya marehemu ianze kugawanywa.

Mwenye kudai urithi asibebe majibu ya simu, maana hakuna aliyeshuhudia mate yale ni ya nani. Tanzania ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na msimamizi ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Maombi ya kipimo cha huko hupitia mahakama, wakili au ustawi wa jamii.

Anayetaka asili tu anaweza kuzima sehemu ya ndugu. Mimi ningeizima. Mwaka 2023 wadukuzi waliingia akaunti kama 14,000 za 23andMe, na kwa kupitia sehemu hiyo wakafikia taarifa za watu wapatao milioni 6.9.