"Mwalimu, mikono yote miwili iko kwenye usukani"

Wiki hii nimeambiwa hivyo mara tatu, darasa moja la udereva. "Naongea kwa spika, sishiki simu." Jamani, lini niliwaambia shida ni mikono?

Jicho linaona taa huku sikio likisikiliza swali la mkeo, hilo halina ugomvi. Mguu unakanyaga breki huku mdomo ukijibu, hilo nalo sawa. Kinachogoma ni hatua ya katikati, pale ubongo unapochagua la kufanya. Mlango wake ni wa mmojammoja: uamuzi uliotangulia ukiwa ndani, wa pili unangoja nje. Mwanasaikolojia Welford wa Uingereza alilieleza hilo mwaka 1952. Mwaka 2006 Harold Pashler na wenzake, Marekani, wakawaweka watu kwenye usukani wa maabara wakifuata gari la kwenye kompyuta. Kadiri kijikazi kidogo walichopewa kilivyotokea karibu na kuwaka kwa taa za breki za gari la mbele, ndivyo mguu ulivyochelewa. Hata kama kijikazi chenyewe ni cha kujibu kwa mdomo tu.

Kwa kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Mguu ukichelewa theluthi ya sekunde umeshasogea mita saba, na breki bado hujaigusa. Ndiyo maana madereva wa Toronto walipochunguzwa, matokeo yakatoka 1997, hatari ya kugonga wakati wa simu ilikuwa kama mara nne, na wa spika hawakuonekana kupona zaidi.

"Mbona naongea na abiria?" Abiria anaona lori lililo mbele, ananyamaza. Bosi wako yuko ofisini.

"Nimezoea." Mazoezi husaidia kazi ileile ikirudiwa mamia ya mara. Maswali ya bosi hayajirudii hivyo.

Wanawake wanaweza mawili kwa pamoja? Ujerumani walipima wanawake 48 na wanaume 48, 2019. Wote walipungukiwa sawasawa.

Wapo wasiotetereka, kweli: kati ya watu 200 waliopimwa Marekani, matokeo ya 2010, asilimia 2.5. Watano. Nikilitaja hili darasani, nusu ya darasa hujiona humo.

Simu yangu mimi husafiri kwenye buti, tena imezimwa sauti. Mwenye shida na mimi atanipata nikisimama Chalinze.