Jeraha la Ubongo: Huduma za Kabla ya Hospitali Zinatofautianaje?

Kwa nini dakika za barabarani ni muhimu ilhali upasuaji hufanyika hospitalini?

Ubongo huumia mara mbili. Pigo la ajali limeshapita, lakini madhara yanayofuata, yatokanayo na upungufu wa oksijeni na kushuka kwa shinikizo la damu, huanzia pale pale barabarani. Majeruhi aliyezimia akawa anakoroma hajapitiwa na usingizi: mara nyingi ulimi umeziba njia ya hewa, na kila dakika ya kusubiri usafiri inamgharimu.

Je, ni lazima daktari awemo ndani ya gari la wagonjwa?

Ufaransa, kupitia SAMU (huduma yake ya matibabu ya dharura), na Ujerumani hupeleka daktari hadi eneo la ajali, ilhali Marekani na Australia hutegemea zaidi wahudumu wa dharura wasio madaktari. Rwanda iliasisi SAMU yake mwaka 2007, ikaazima jina la Kifaransa, lakini garini ikaweka wauguzi na wataalamu wa dawa za usingizi. Kwa maoni yangu, huo ni uamuzi wa busara kwa nchi yenye madaktari wachache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kutoka jimbo la Victoria, Australia, uliohusisha majeruhi 312, ulionyesha kwamba wahudumu walipowawekea majeruhi mpira wa kupumulia kooni kabla ya hospitali, 51% walikuwa na hali nzuri baada ya miezi sita, dhidi ya 39% waliosubiri kuwekewa hospitalini. Mpira huo, hata hivyo, unadai mkono uliofunzwa, kwa sababu mgonjwa akipumulishwa kwa kasi mno, kaboni dioksidi hupungua mwilini na mishipa ya damu ya ubongo hubana.

Na pale ambapo ambulensi haiji?

Kenya na Tanzania, majeruhi wengi hufikishwa hospitali kwa teksi, bajaji au gari la polisi, kwa hiyo mhudumu wa kwanza ni mpita njia. Asimkalishe majeruhi wala kumpa maji. Ashike kichwa na shingo vikae mstari mmoja, na akitapika, wasaidizi wamgeuze ubavu mwili mzima kwa pamoja. Wakifika, wamweleze muuguzi saa ya ajali na kama majeruhi alizungumza kabla ya kuzimia, kwani aliyezungumza kisha akazimia huenda damu inavujia ndani ya fuvu, na huyo anahitaji kipimo cha CT (picha za ndani ya kichwa) bila kuchelewa.