Kuongeza wahandisi hakuokoi mradi uliochelewa

Mameneja wengi huamini mradi ukichelewa dawa yake ni kuongeza watu. Sivyo. Timu ya watu 5 ina njia 10 za mawasiliano kati ya mtu na mtu. Wakifika 10, njia zinakuwa 45. Na nani atawafundisha wageni? Ni yule yule mhandisi anayeujua mfumo: anaacha hitilafu aliyokuwa akiirekebisha, anaanza kueleza michoro na sababu ya kila uamuzi wa zamani. Hapo ndipo wahandisi wanapokata tamaa, hasa kama tarehe ya kumaliza ilipangwa bila wao kuulizwa.

Badala yake, punguza vipengele vya kile kinachojengwa, funga orodha ya mahitaji ili mapya yasiongezwe, kisha waulize wanaojenga itachukua muda gani. Ukilazimika kuongeza watu, wape kazi inayojitegemea, kama majaribio au nyaraka.